Nyuso Chini ya Povu

Kinoo cha Hilari kilivunjika siku ya gulio, mbuzi wa mtu alipoiparamia meza na kukiangusha kwenye saruji. Kilipasuka vipande, na hata kipande kikubwa kilikuwa kifupi kuliko wembe wenyewe. Hilari alimmalizia mteja aliyekuwa kitini kwa makali yaliyobaki, akamfukuza mbuzi, akafunga vitu vyake, na kesho yake akaenda kutafuta mawe.

Alikuwa kinyozi wa kibarazani, mbele ya duka la Mhindi mmoja karibu na soko la Ifakara. Kazi hiyo alijifunza vitani Burma, alipokuwa akiwanyoa askari wenzake. Huko ndiko alikoupata wembe wake, wembe mrefu wa kukunja unaolala ndani ya mpini wa pembe. Wembe wa namna hiyo hautupwi ukichakaa. Unanolewa, na anayeunoa vizuri anahitaji mawe matatu.

La kwanza ni la kukwangua, la kurudisha makali yaliyopotea. Hilo alilipata bila shida kwenye mto Lumemo, jiwe la kijivu lenye chembe zinazouma vidole. La pili, la kufuta mikwaruzo ya la kwanza, alipewa na Fulgensi, seremala wa Katindiuka, aliyekuwa nalo la kunolea patasi. La tatu ndilo gumu. Ni jiwe la kumalizia, lisilokata chuma bali linalokilamba tu, na Hilari alilitafuta Lumemo kutwa nzima bila kuliona. Jioni mvuvi mmoja alimwambia kwamba Michenga, pale kwenye kivuko cha mitumbwi, maji yalikuwa yameshuka na kuacha mawe.

Kwa kawaida Michenga mto una mchanga na tope, mawe hayapo. Mwaka huo yalikuwepo. Yalikaa kwenye mchanga ukingoni, yamepangana kama watu wanaosubiri zamu. Hilari alichuchumaa, akaanza kuchagua.

Aligonga kila moja kwa ukucha na kusikiliza. Lililolia kama chungu chenye ufa aliliweka kando. Yaliyobaki aliyamwagia maji. Jiwe linalokunywa maji upesi ni laini mno, litaliwa na wembe. Jiwe ambalo maji yanasimama juu yake kama juu ya jani la mgomba ni gumu mno, wembe utateleza tu. Alitaka linalokunywa polepole. Kisha alifumba macho, akayapitisha mawe shavuni moja baada ya jingine, kwa sababu shavu husikia chembe ambazo kidole hakizisikii. Lililobaki mwisho lilikuwa na rangi ya ini, refu kama kiganja. Alilisugua juu ya jingine ili liwe bapa, likatoa tope jepesi lenye harufu ya nguo iliyolala majini. Alinusa, akalisuuza, akalifunga kwenye leso.

Kivuko hicho ndicho kilichowachukua watu wa Jumbe Tadei masika ya mwaka uliotangulia. Jumbe alikuwa amewakusanya wanaume waliochelewesha kodi, wakatengeneze barabara ng'ambo kabla Bwana Shauri, mzungu wa wilaya, hajapita na gari lake kutoka Mahenge. Mpiga kasia alisema maji ni mengi, wangoje. Jumbe alisema Bwana Shauri hangoji. Walipanda mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa kamba, na katikati ya mto kamba ikakatika. Hakuna aliyefika ng'ambo na hakuna aliyerudi. Jumbe Tadei alikwenda bomani kutoa taarifa kwamba watu wale wametoroka kazi, wamekimbilia mashamba ya katani, na taarifa ikapokelewa.

Mmoja wao alikuwa Kelestini, mume wa Balbina, dada yake Hilari. Kwa kuwa Kelestini alikuwa mtoro, Balbina hakuwa mjane. Hakuweza kukaa matanga. Padri alimpokea vizuri, akampa kiti, akamwambia kwamba misa ya wafu haisomwi kwa mtu ambaye serikali inasema yuko hai. Shamba la mpunga la Kelestini lilichukuliwa, kama yachukuliwavyo mashamba ya watoro, na sasa shemeji yake jumbe ndiye aliyelilima. Balbina alirudi Lipangalala kwenye nyumba ya kaka yake, akiwa na mimba.

Mteja wa kwanza wa jiwe jipya alikuwa Fulgensi. Hilari aliupitisha wembe kwenye mawe yote matatu, akaumalizia kwenye mkanda wa ngozi, akajaribu makali kwa unywele mmoja wa mkono wake. Unywele ulikatika bila kutikisika. Alimpaka Fulgensi povu, akaanza kunyoa kutoka sikio la kulia, na alipofika kidevuni aliona kwamba ngozi iliyokuwa ikitokea chini ya povu haikuwa ya Fulgensi. Ilikuwa nyeusi zaidi, na imelowa. Alinyoa mpaka akamaliza, maana mtu hawezi kuachwa nusu, kisha akampa kioo.

"Huyu nani?" Fulgensi aliuliza.

"Kelestini."

Fulgensi aligeuza shavu kulia, kisha kushoto. Kovu la Kelestini lilikuwepo juu ya nyusi. Midomo ilikuwa ya rangi ya zambarau mbivu, na maji yalitiririka kutoka kwenye nywele za mbele mpaka kidevuni.

"Ana mchanga," alisema.

"Ngoja nifute."

Hilari alifuta mchanga. Maji aliyafuta pia, lakini yalirudi.

"Na uso wangu utarudi lini?"

"Ndevu zikiota, nadhani."

"Basi nitapita njia ya nyuma," Fulgensi alisema. "Unamjua mke wangu Klementina, hapendi nilete wageni bila kumwambia."

"Kabla hujaenda kwako, pita kwanza kwa Balbina."

Balbina alikuwa anapepeta mchele, mtoto mgongoni. Alimwona Fulgensi akiingia uani na uso ule, akaweka ungo chini, akamletea kigoda na maji ya kunawa kama anavyoletewa mtu aliyetoka safari. Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Fulgensi, samahani sana. Naomba ufumbe macho. Macho si yake."

Fulgensi alifumba. Balbina alikaa mbele yake chini, akaanza kumpa Kelestini habari za nyumbani. Alimwambia kwamba mtoto ni wa kiume na anafanana naye masikio. Alimwambia shamba linalimwa na nani, na kwamba aliyelima amepanda kwa kuchelewa na mpunga umekuwa mbaya. Alimwambia kwamba watu wanasema ana mwanamke mwingine huko mashamba ya katani, na kwamba yeye hakuamini hata mara moja, ila usiku mmoja tu, na usiku huo alikuwa na homa. Alimfungua mtoto mgongoni, akamshika mkono, akauweka kwenye shavu lenye maji. Mtoto alivuta mkono kwa sababu lilikuwa baridi. Hapo ndipo Balbina alipolia, kimya, asije akamfanya Fulgensi afumbue macho.

Kabla ya giza alimgusa bega. "Nenda sasa," alimwambia. "Klementina atakungoja."

Baada ya hapo nyuso ziliendelea kuja. Mwalimu wa dini alinyolewa akaondoka na uso wa mpiga kasia. Mpishi wa hoteli ya sokoni alipata uso wa kijana mmoja wa Michenga, na mama na dada za kijana huyo walikuja kula pale kila siku mpaka ndevu za mpishi zikaota. Hakuna aliyeweza kuchagua. Nyuso zilikuja zilivyotaka, zote zimelowa, zote na mchanga kwenye nyusi. Wateja walizoea kujifunika taulo wakirudi nyumbani. Wachache waliacha kunyoa, na hao Hilari hakuwalaumu.

Mtu mmoja tu alikuwa hajatokea. Huyo ni Eustaki, mtoto wa pekee wa bibi kizee Yosefina. Yosefina alikuwa akija kila asubuhi na kukaa kwenye ngazi ya kibaraza, fimbo magotini, akitazama kila kidevu kinachotoka kwenye povu.

"Shikamoo mama," Hilari alimsalimu.

"Marahaba mwanangu. Nani leo?"

"Leo ni Wendelin tena, mama."

"Haya. Naye ana watu wake." Na alikuwa akikaa hapo mpaka meza ifungwe.

Ni Balbina aliyesema kwamba nyuso zipelekwe kwa Bwana Shauri. Alisema kwa serikali mdomo wa mwanamke hautoshi, lakini uso wa maiti utatosha. Bwana Shauri alipokuja Ifakara kusikiliza mashauri, Hilari alimnyoa Fulgensi asubuhi hiyo hiyo. Hawakuwa na hakika nani atatokea. Alitokea Kelestini, na Fulgensi alisema huenda ameshaizoea njia.

Mashauri yalisikilizwa chini ya paa la makuti, kwenye uwanja wa mahakama. Bwana Shauri alikuwa kijana mwenye ngozi iliyobabuka kwa jua, na Kiswahili chake kilikuwa safi. Jumbe Tadei alikaa kando yake, kofia yake nyekundu yenye beji magotini. Balbina aliapishwa.

"Mama, uso huu ni wa nani?" Bwana Shauri aliuliza.

"Wa mume wangu, Kelestini, bwana. Angalia midomo yake. Angalia maji. Mtu huyu alikufa mtoni, hakutoroka."

"Una hakika ni yeye?"

"Hilo kovu alilipata kwa shoka, mimi nikiwepo. Nililifunga mwenyewe."

Bwana Shauri alimgeukia jumbe. "Wewe ulisema ametoroka."

"Ndiyo, bwana," Jumbe Tadei alisema. "Amerudi."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye kidevu cha Fulgensi na kutoboa vishimo vidogo kwenye vumbi.

"Mimi ni Fulgensi," Fulgensi alisema. "Seremala, wa Katindiuka. Meza unayoegemea, bwana, nimeitengeneza mimi."

"Watoro hubadili majina," jumbe alisema bila kupandisha sauti. "Wote hufanya hivyo."

Klementina aliitwa. Bwana Shauri alimwonyesha mtu aliyesimama mbele yake, akamwuliza kama ule ni uso wa mume wake. Klementina alikuwa ameapa kwa Msalaba kusema kweli. Alimtazama Fulgensi, akamtazama Hilari.

"Uso siyo wake, bwana," alisema. "Lakini miguu..."

"Nimeuliza uso."

Hilari alisimama akasema sauti ilikuwa ya Fulgensi, na mikono pia, kila mtu aliijua. Bwana Shauri alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema yeye hawezi kuhukumu kwa sauti na mikono, wakati uso umetambuliwa kwa kiapo na mke mwenyewe, na mwanamke mwingine ameukana. Aliamuru Kelestini apelekwe akamalize kazi ya barabara aliyoikimbia, na aongezewe kwa ajili ya kutoroka. Kisha alimwambia Balbina, kwa upole kabisa, kwamba ana bahati. Wake wengi wa watoro hawapati kuwaona tena waume zao.

Fulgensi alifungwa kamba mikononi. Alipopita karibu na Balbina alifumba macho.

Ndevu zake ziliota kambini, na uso wake mwenyewe ukarudi. Nyapara alipoamka na kukuta mtu asiyemjua kwenye kundi lake, alitoa taarifa kwamba Kelestini ametoroka mara ya pili. Fulgensi alifukuzwa kambini kwa kula chakula cha wafungwa. Alirudi Katindiuka kwa miguu. Mawe ya barabarani yalikuwa yamemsaga vidole viwili vya mkono wa kulia, na tangu hapo hakuweza kushika randa. Balbina alikwenda kwake kumwomba radhi. Alimkuta Klementina mlangoni, na Klementina akarudi ndani. Lakini Fulgensi alitoka, akakaa naye nje.

"Ulisema kweli," alimwambia. "Na Klementina alisema kweli. Na mimi nilisema kweli."

Jumbe Tadei hakuwa ameziogopa nyuso tangu mwanzo, na baada ya shauri lile alikuwa na sababu ya kuzipenda. Alianza kusema kwamba kinyozi wa sokoni anamsaidia kukamata watoro. Sikukuu ya Pasaka ilipokaribia, mawingu yakiwa yameshaanza kukaa juu ya milima, alikuja kibarazani na baiskeli yake, akaiegemeza ukutani, akampa Hilari kofia aishike.

"Ninyoe vizuri," alisema. "Kwa jiwe hilo hilo. Watu wasiseme naliogopa."

Hilari alinoa. Alinoa kwa muda mrefu kuliko kawaida, na jumbe hakuharakisha mambo, alikaa na kichwa nyuma, koo wazi. Hilari alipaka povu. Alipoweka wembe chini ya taya, alisikia mshipa ukipiga kwenye chuma, na alifikiri juu ya Kelestini, na juu ya vidole vya Fulgensi. Alifikiri pia kwamba jumbe akifa, shemeji yake, yule anayelima shamba la Kelestini, ndiye atakayevaa kofia, na yeye Hilari atanyongwa, na Balbina atabaki na mtoto bila nyumba. Alivuta ngozi kwa kidole, akanyoa kuelekea chini, taratibu, kama alivyomnyoa kila mtu.

Uso uliotokea ulikuwa wa kijana. Mashavu hayakuwa na mkunjo hata mmoja. Kati ya meno ya mbele kulikuwa na mwanya.

Yosefina alisimama kwenye ngazi. Aliiacha fimbo ianguke. Alipanda kibarazani, akauchukua uso wa jumbe kwa mikono yote miwili na kuugeuzia kwenye mwanga.

"Mwanangu," alisema. "Umechelewa hivi."

"Mama, niachie," jumbe alisema.

Yosefina hakumwachia. Alichukua pindo la kanga yake, akafuta mchanga kwenye nyusi, akafuta maji, yakarudi, akafuta tena. Alimwambia kwamba amekonda. Jumbe alimshika viganja amwondoe, akakuta vina nguvu kuliko alivyodhani, na kwa kuwa watu wa sokoni walikuwa wanatazama alimwacha afute. Bibi alikuwa akiimba kwa sauti ndogo wimbo wa kubembelezea mtoto, kwa Kindamba. Ulipokwisha aliubusu uso ule kwenye paji, akaokota fimbo yake, akaenda nyumbani.

Wiki ile jumbe aliwazungukia wadaiwa wa kodi akiwa na uso wa Eustaki. Wake zake walimpa chakula bila kumtazama. Waliokutana naye njiani walisita kwanza, wakidhani ni kijana waliyemfahamu, kisha wakaona beji na kuvua kofia zao. Uso ulikuwa wa Eustaki, kofia ilikuwa ya jumbe, na watu waliitii kofia.

Ndevu zilipoota alimtuma Viktor, tarishi wake, amwite Hilari.

"Masika hii kuna kazi ng'ambo," jumbe alimwambia. "Nahitaji watu wa kuvuka. Jina lako limo."

"Kodi yangu nimelipa, jumbe."

"Najua. Nyuso hizo sizitaki tena. Niletee lile jiwe, nilitie mtoni mwenyewe, jina lako litoke."

Hilari aliomba siku ya kufikiri, akapewa. Nyumbani alilitoa jiwe kwenye leso, akaliweka mkekani. Balbina alilitazama.

"Mpe, kaka," alisema. "Kelestini nimemwona. Nimemwambia yote. Nilichobaki nacho ni wewe."

"Na wengine?"

"Wengine nao wamewaona."

Hilari alifikiri kwamba Balbina amesema kweli, akaamua kulipeleka asubuhi. Lakini njia ya kwenda kwa jumbe inapita nyumbani kwa Yosefina, na bibi alikuwa nje, akamwita. Hilari alimwambia anakokwenda na kwa nini. Alitaka asikie kutoka kwake.

Yosefina alitikisa kichwa. "Nimemwona mwanangu mara moja," alisema. "Na alikuwa amekaa juu ya shingo ya Tadei. Nilikuwa nafikiri siku moja atakuja juu ya shingo ya mtu mwingine, tukae vizuri." Halafu akaongeza, "Lakini nenda, mwanangu. Usizame kwa ajili ya mwanamke mzee."

Hilari alisimama pale na jiwe mkononi. Lilikuwa zuri, la rangi ya ini, lisilo na ufa. Alimuaga Yosefina, akageuka, akarudi alikotoka.

Jioni alimkalisha Balbina mbele ya mawe matatu. Alimwonyesha jinsi ya kulaza wembe, mgongo na makali vikigusa jiwe pamoja. "Usikandamize," alimwambia. "Ukisikia jiwe linalia, umekandamiza. Uzito wa wembe wenyewe unatosha." Balbina alikandamiza, jiwe likalia. Alijaribu tena. Mvua ilikuwa imeanza, na mtoto alilala kati yao. Mwisho Balbina aliunoa wembe mpaka ukakata unywele bila kuutikisa, na Hilari akasema inatosha.

Hilari na wenzake walivuka siku ambayo mto ulikuwa umefika kwenye mizizi ya miti. Safari hii mitumbwi haikufungwa pamoja, kwa sababu jumbe alisema makosa yanafundisha. Wa nyuma ulifika. Wa mbele ulipinduka kama jani, na waliokuwa ndani walionekana vichwa kwa muda mfupi. Watu wa ukingoni walimsikia Hilari akiita jina la mtu aliyekuwa karibu naye, amshike. Jumapili iliyofuata Jumbe Tadei alitangaza baada ya misa kwamba kinyozi na wenzake wametoroka kazi, na yeyote atakayewaona atoe habari.

Balbina alifungua meza siku ya gulio. Hakuna mwanamke aliyewahi kunyoa ndevu sokoni Ifakara, na Mhindi mwenye duka alisema tu asimwage maji mlangoni. Mtu wa kwanza kukaa kitini alikuwa Fulgensi. Hakuwa ameitwa.

"Klementina anajua?" Balbina aliuliza.

"Ndiye aliyenituma."

Alinoa bila kukandamiza. Alipaka povu, akaanza kutoka sikio la kulia. Mwanzoni alimkata kidogo karibu na taya, akaomba radhi, akaendelea. Uso ulipotokea wote aliweka wembe chini. Alifuta mchanga kwenye nyusi za kaka yake, na jani dogo la mtoni lililokuwa limenasa sikioni.

"Shikamoo kaka," alisema.

Fulgensi alikuwa ameshafumba macho. Hakujua kama aitikie. Balbina alimwambia Hilari kwamba mtoto ameanza kusimama, na kwamba Yosefina anaumwa lakini anakuja.

Viktor tarishi alitokea kwenye kona ya duka, akisukuma baiskeli ya jumbe. Balbina alimfunika Fulgensi taulo usoni.

"Kaka yako amerudi?" Viktor aliuliza.

"Hajarudi."

"Jumbe anasema yuko mashamba ya katani."

"Nimesikia."

Viktor alitazama taulo lililokuwa likilowa, na maji yaliyokuwa yakidondoka chini ya kiti na kukusanyika kwenye saruji. Aliegemeza baiskeli. Mchana huo alitakiwa kwenda Katindiuka kuwaita wanaume wengine, kwa sababu kazi ng'ambo ilikuwa haijaisha na watu wa kuvuka walikuwa wamepungua. Alivua kofia, akakaa kwenye benchi pembeni ya Fulgensi, akasubiri. Zamu yake ilipofika alihamia kitini.

"Mdogo wangu alikuwa kwenye mtumbwi wa mbele," alisema.

"Siwezi kuchagua," Balbina alimwambia. "Anakuja anayetaka."

"Najua, dada. Nyoa tu."